Waja leo, waondoka leo? Maswali ya Tanga kuhusu watafiti wa teknolojia ya elimu na mitandao ya kompyuta

Natunza chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari hapa Tanga mjini, upande wa Ngamiani. Kompyuta ni 21, zinazowaka 14. Chumba hiki kimeshapokea watafiti wengi kuliko wakaguzi, kwa hiyo kila mgeni mwenye laptopu begani akionekana getini, walimu wenzangu, wazazi na vijana wa form six hunigeukia mimi. Maswali ni yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, nami nipate nafasi ya kubana vichwa vya kebo.

Mtaalamu wa teknolojia ya elimu ndiye fundi kompyuta?

Siye. Fundi anatafuta kwa nini mashine haiwaki. Huyu anatafuta kujua kwamba ikishawaka, mtoto atajifunza nini ambacho asingekipata kwa chaki. Ndiyo maana wengi wao wana mguu mmoja kwenye ualimu au saikolojia na mwingine kwenye kompyuta.

Fani yenyewe si changa kama watu wanavyodhani. Mwaka 1960, kompyuta moja ikiwa bado inajaza chumba, Donald Bitzer wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alianzisha PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta. Mwaka 1967 Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig wakatoa Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto, ambayo baadaye iliongezewa kasa. Mtoto anamwamuru kasa, kialama kinachochora kila kinapopita, aende mbele hatua 50, ageuke nyuzi 90, arudie hivyo mpaka mara nne, na mraba unachoreka. Papert alikuwa amefanya kazi na Jean Piaget kule Geneva, na msimamo wake ulikuwa kwamba mtoto ndiye aiamuru mashine, si mashine imwamuru mtoto. Nimewahi kuijaribu na form one. Waliosumbua hisabati mwaka mzima ndio waliogoma kutoka kengele ilipolia.

Lakini hawa watu hawakubaliani, na mgeni yeyote wa fani hii aujue ugomvi wao mapema. Mwaka 1983 Richard Clark aliandika kwamba chombo cha kufundishia ni kama gari linaloleta chakula dukani: gari halibadilishi lishe ya mlaji. Yaani lori lililobeba machungwa ya Muheza liwe jipya au bovu, vitamini iko kwenye chungwa. Robert Kozma akampinga miaka ya 1990, akisema kuna mambo ambayo chombo fulani kinayaonyesha na kingine hakiwezi. Mimi niko upande wa Clark siku nyingi, na upande wa Kozma siku ninapowaonyesha watoto moyo ukidunda kwenye skrini.

Na watafiti wa mitandao wanatafuta nini? Si intaneti ipo tayari?

Ipo kwa sababu yao, na ni kwa sababu yao kwamba haijaanguka.

Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha mwaka 1974 wazo la namna mitandao tofauti inavyoweza kuongea, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ukahamia rasmi kwenye itifaki yao, yaani kanuni za kompyuta kuongea, iitwayo TCP/IP. Data inakatwa vipande viitwavyo pakiti, kila kipande kina anwani, vinapita njia yoyote na kupangwa upya vinapofika. Kisichofika hutumwa tena.

Hapo kwenye "hutumwa tena" ndipo penye kisa. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, majengo yasiyoachana hata mita 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini! Kwa kasi hiyo neno "Tanga" peke yake linakula sekunde nzima. Kebo haikukatika. Pakiti zilikuwa zimechelewa tu kwenye foleni, mashine zikadhani zimepotea, zikatuma nyingine, foleni ikarefuka, zikatuma nyingine tena. Ni kile wanachofanya form two wangu ukurasa usipofunguka: wanabonyeza, wanabonyeza, wanabonyeza, mpaka chumba kizima kinaganda.

Van Jacobson na mwenzake Mike Karels walikaa na tatizo hilo, na mwaka 1988 Jacobson akachapisha dawa yake. Mashine ianze kwa kutuma kidogo, isubiri majibu, iongeze taratibu, na ikiona pakiti imepotea ipunguze kwa haraka. Adabu ya foleni, kwa kifupi, kama ile inayotakiwa kwenye kivuko cha Pangani siku ya sikukuu. Simu yako bado inaishi kwa adabu hiyo au mojawapo ya watoto wake.

Ukitaka jina la Afrika, anza na Nii Quaynor wa Ghana. Ni miongoni mwa waliofikisha intaneti Afrika Magharibi na kuianzisha AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti barani kwetu.

Fani mbili hizi zinakutania wapi?

Mahali ambapo somo lipo na mtandao haupo. Yaani kwetu.

Mwaka 2003 Kevin Fall alichapisha kazi kuhusu mitandao inayovumilia ucheleweshaji. Itifaki za kawaida zinadhani upande wa pili uko hewani sasa hivi. Yeye akauliza: itakuwaje kama hauko, na utakuwepo kesho? Jibu ni kuhifadhi, kubeba, kisha kukabidhi. India wakati huohuo ulijaribiwa mfumo ulioitwa DakNet. Basi lilifungwa kifaa cha waya-less, likipita kijijini linachukua barua pepe na kuacha nyingine, likifika mjini linazimwaga kwenye intaneti. Profesa akilieleza hilo kwa picha na mishale unaona jambo kubwa, halafu unakumbuka kwamba kuna mwalimu wa Muheza anayekuja kwangu kila Ijumaa kwa daladala na flashi mfukoni, anaondoka na video za fizikia. Naye ni mtandao unaovumilia ucheleweshaji. Akikosa gari, anachelewa zaidi.

Kazi nyingine ninayoipenda ilitoka Microsoft Research India mwaka 2006: Udai Singh Pawar, Joyojeet Pal na Kentaro Toyama. Waliona darasani kwamba watoto watano wakizunguka kompyuta moja, mwenye mausi ndiye anayejifunza na wengine wanatazama mgongo wake. Wakaandika programu inayopokea mausi kadhaa kwa wakati mmoja, kila mtoto na mshale wake wa rangi kwenye skrini. Mausi ni bei ndogo sana ukilinganisha na kompyuta. Kwa shule yenye mashine 14 na watoto 45 kwa kipindi, utafiti huo una faida kuliko hotuba kumi za mapinduzi ya kidijitali.

Ni kweli vijiji vya Tanga viliwahi kuwa sehemu ya majaribio makubwa ya dunia?

Kweli kabisa, na inanishangaza ni wangapi hapa mjini hawajui. Shindano liliitwa Global Learning XPRIZE. Lilitangazwa 2014, fungu la dola milioni 15, mfadhili mkuu Elon Musk. Swali lake lilikuwa moja: je, programu ya kishikwambi inaweza kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila kutegemea mwalimu? Timu tano za fainali zilipata dola milioni moja kila moja, na uwanja wa majaribio ukawa mkoa wa Tanga, vijiji takriban 170, watoto chini kidogo ya 3,000. UNESCO, WFP (Shirika la Mpango wa Chakula Duniani) na serikali yetu walishiriki, Google ikatoa vishikwambi, na kwa kuwa vijiji vilichaguliwa visivyo na huduma, vikajengwa vituo vya kuchajia kwa sola.

Majaribio yalianza mwishoni mwa 2017 yakaenda miezi 15. Watoto walipimwa kabla. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na asilimia 74 walisemekana hawajawahi kuhudhuria shule. Baada ya miezi hiyo, idadi ya wasiojua kusoma kabisa ilipungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili zilitangazwa kugawana zawadi kuu ya dola milioni 10: Kitkit School na onebillion. Programu za fainali ziliachwa wazi, yeyote azichukue na kuzifanyia kazi.

Miongoni mwa waliofika fainali bila kushinda ilikuwa RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, chini ya Jack Mostow, mtu aliyetumia miaka mingi kuunda kompyuta inayomsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Kumsikiliza mtoto wa Marekani ni kazi. Kumsikiliza mtoto wa Lushoto anayesoma Kiswahili chenye lafudhi ya Kisambaa, kuku wakiwika nyuma, ni kazi nyingine.

Basi kishikwambi kinaweza kuchukua nafasi ya mwalimu?

Nusu ilipungua. Nusu nyingine ilibaki. Soma namba zote mbili.

Kentaro Toyama, yuleyule wa mausi nyingi, alitoka kwenye kazi ile akisema teknolojia hukuza kile kilichopo tayari. Mimi huwaeleza wazazi kwa kipaza sauti cha taarabu: hakimfanyi mwimbaji mbaya kuwa mzuri, kinamfikisha mtaa wa pili tu.

Hapa Tanzania wataalamu hawa wanapatikana wapi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki nzima ya TEHAMA pale Kijitonyama. Joel Mtebe, mmoja wa waliochapisha sana kuhusu mifumo ya kujifunzia mtandaoni, anatoka huko. Arusha iko Taasisi ya Nelson Mandela, ya shahada za juu. Dodoma, chuo kikuu cha huko, UDOM. Mbeya, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST. Chuo Kikuu Huria, kinachofundisha kwa masafa tangu 1994, ni maabara kwa asili yake, na kina kituo hapa Tanga, kwa hiyo usikimbilie kukata tiketi.

Iringa ina kisa chake. Mwaka 2007 kilichokuwa Chuo Kikuu cha Tumaini kilianzisha shahada ya TEHAMA, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Matti Tedre kutoka Finland. Wao walihoji kwa nini mtaala wa Marekani unakiliwe Iringa neno kwa neno, wakati mhitimu wa Iringa atakutana na umeme unaokatika na vumbi kwenye feni. Wakayaingiza mambo hayo kwenye masomo. Ningesoma hapo.

Vyuo vyenyewe vimeunganishwa na TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, ambao nao uko ndani ya UbuntuNet Alliance ya mashariki na kusini mwa Afrika. Ukiwa na akaunti ya chuo kilichojiunga na eduroam, unafungua laptopu kwenye chuo kingine na inashika bila kuomba nywila. Kabla ya mikongo ya baharini kufika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, mambo haya yalipitia setilaiti, na gharama yake ilikuwa ya kulia.

Walimu wakuu wenye shida ya uongozi wa shule, si ya mashine, mahali pao ni ADEM, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu, kule Bagamoyo.

Nitamjuaje mtaalamu wa kweli?

Usitazame "Dkt." kwenye kadi. Andika jina lake kwenye Google Scholar, yaani Google ya makala za kitaaluma, fungua makala moja, nenda moja kwa moja sehemu ya mbinu. Aliwapima watoto wangapi? Kwa muda gani? Kulikuwa na kundi la kulinganisha, au aliwauliza tu walimu kama wamependa? Mwalimu aliyepewa soda na kishikwambi kipya atasema amependa.

Tazama pia jarida. Yapo majarida yanayochapisha chochote ukilipa, na jina lake huwa refu lenye neno "kimataifa". Mtu mwenye makala 12 za mwaka mmoja kwenye majarida ya namna hiyo, mkaribishe chai, lakini ufunguo wa chumba ubaki nao.

Kipimo changu mwenyewe ni rahisi. Mtaalamu wa kweli, kabla hajatoa kifaa begani, anauliza umeme unakatika saa ngapi.

Mtafiti amekuja shuleni na dodoso. Tufanye nini?

Ombeni barua. Mtafiti mgeni wa nchi anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwanafunzi wa chuo cha hapa huja na barua ya utambulisho ya chuo chake, anapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anashuka hadi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo anafika kwa mkuu wa shule. Asiye na mlolongo huo arudishwe kwa heshima.

Kisha ridhaa. Watoto ni wadogo, kwa hiyo mzazi anasaini, na mzazi aelezwe kwa Kiswahili, si kwa karatasi ya Kiingereza ya kurasa nne. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika. Majina, sauti na picha za watoto si mali ya kubebwa kwenye flashi.

Halafu ulizeni swali ambalo sisi hatukuuliza. Miaka kadhaa nyuma alikuja kijana wa shahada ya uzamivu, mpole, msalimiaji. Alikaa wiki tatu. Aliweka programu ya kupima mtandao kwenye mashine zetu zote, akawahoji walimu tisa, akapiga picha ya pamoja chini ya mwembe. Aliahidi kuleta matokeo. Hakuleta. Programu yake iliendelea kutuma data kila usiku, ikatumalizia bando kwa mihula miwili kabla sijaigundua, nikiwa nimeshawagombeza wanafunzi kwa kosa lisilo lao. Tanga husemwa waja leo waondoka leo, na kwa kawaida tunacheka. Siku ile sikucheka. Sasa mgeni anasaini kwenye daftari langu mambo mawili: tarehe atakayorudi na majibu, na orodha ya kila alichokiweka kwenye mashine.

Wawili wamesharudi. Mmoja alileta chati moja tu iliyoonyesha kwamba mtandao wetu unazidiwa saa nne hadi saa tano asubuhi. Nilihamisha kipindi kimoja, tatizo likapungua kwa gharama ya sifuri.

Anayejaza dodoso analipwa?

Nauli na maji, sawa. Zaidi ya hapo utaanza kumjibu anachotaka kusikia.

Intaneti ya shule yetu iko taratibu. Mtafiti atatusaidia?

Pengine, baada ya miaka mitatu na tasnifu moja. Anza mwenyewe.

Kwanza tazama vichwa vya kebo. Shule zilizo karibu na bahari, kuanzia Raskazone mpaka huku kwetu, zina adui asiyetajwa kwenye vitabu: hewa ya chumvi. Chomoa kichwa, kigeuze kwenye mwanga. Vile vyuma vinane vidogo vinatakiwa ving'ae rangi ya dhahabu. Ukiona ukijani au weusi, kata, menya, panga nyaya upya kwa rangi zake, bana kichwa kipya. Nimewahi "kuongeza kasi" ya ofisi ya mkuu wa shule kwa kichwa kimoja cha plastiki.

Pili, usilete kutoka ng'ambo kila siku kitu kilekile. Kompyuta moja ya zamani, au kidude kama Raspberry Pi chenye ukubwa wa kiberiti kikubwa, inaweza kuwa seva ya darasa. Kiwix inabeba Wikipedia nzima bila intaneti. Kolibri inabeba masomo na mazoezi na kukuonyesha nani amekwama wapi. Wanafunzi wanaunganisha kwa waya-less ya chumba, bando haliguswi.

Binti yangu yuko form four na anataka kuwa mtafiti wa mambo haya. Asome nini?

Kwa mitandao, hisabati isimponyoke. Foleni za pakiti ni hesabu za uwezekano mwanzo mwisho. PCM (fizikia, kemia na hisabati) ni njia ya kawaida. Kwa teknolojia ya elimu mlango ni mpana zaidi. Anaweza kuingilia kompyuta au ualimu, ila afundishe darasa halisi angalau muhula mmoja kabla ya kuandika tasnifu kulihusu. Na tangu sasa aandike Kiswahili vizuri. Programu za kusomea watoto wetu zinahitaji mtu anayejua kwamba mtoto wa Kiswahili huanza na silabi, ba be bi bo bu, na kwamba kutafsiri programu ya Kiingereza inayofundisha herufi moja moja kunamchosha bure.

Nimwandikieje profesa nisiyemjua?

Kwa ufupi, na uonyeshe umesoma kazi yake. Wengi hawajibu kwa sababu wanapokea barua zinazosema "naomba msaada wa utafiti" na hakuna zaidi. Huu ni mfano niliompa kijana wangu mmoja, na alijibiwa siku ya tatu:

"Shikamoo Profesa. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita Tanga. Nimesoma makala yako kuhusu mifumo ya kujifunzia vyuoni, nimekwama kwenye jedwali la pili: wanafunzi walioacha kutumia mfumo walihesabiwaje, kwa kutoingia kabisa au kwa kuingia mara chache? Shuleni kwetu tuna kumbukumbu za mwaka mmoja za seva ndogo ya darasa, na ningependa kuzihesabu kwa njia hiyohiyo. Asante kwa muda wako."

Hakuomba chochote isipokuwa jibu. Alipata jibu, na jedwali lililorekebishwa.

Chumba chako kinafunguliwa lini kwa wageni?

Jumanne na Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri, umeme ukiwepo. Daftari liko mezani kushoto unapoingia. Kalamu njoo na yako.